Mageti ya supamaketi kwenye maktaba ya chuo: jibu kwa mkutubi wa Dodoma

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Dodoma. Vitabu vinapotea, hasa vya sheria na uhasibu, na uongozi umekubali tufunge mageti yanayolia mtu akitoka na kitabu ambacho hakijaandikishwa. Amekuja muuzaji na bei nzuri. Anasema mageti yake ni yale yale aliyofunga kwenye supamaketi mbili hapa mjini, na anatuongezea maboksi ya stika. Tuchukue? Mdogo wangu ana duka la nguo Barabara ya Saba, naye anataka kununua kwa huyo huyo. Na je, nguo za kwake hazitalia zikiingia maktabani kwetu? (Mkutubi, Dodoma)

JIBU: Dada mkutubi, kazi njema na pole kwa vitabu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: kwa maktaba, usichukue. Kwa duka la mdogo wako mageti hayo huenda yakafaa, ila asinunue stika. Nguo zina lebo zake, nitazifikia.

Sisemi vifaa vya muuzaji ni vibovu. Tatizo ni kwamba kazi hizi mbili ni tofauti. Sabuni ikishalipiwa inaondoka moja kwa moja, hakuna anayeisubiri irudi. Kitabu chako kinatoka leo, kinarudi baada ya wiki mbili, kinatoka tena na mwanafunzi mwingine, na kitaendelea hivyo miaka na miaka. Duka linataka lebo ife pale kaunta. Maktaba inataka lebo ilale, kisha iamke, kisha ilale tena. Muuzaji anayekwambia kifaa ni kimoja kwa wote ama hajui hilo, ama analijua na ana mzigo wa kumaliza.

Chukua stika moja kati ya hizo alizokuachia, iinue kwenye mwanga wa dirishani. Kama ni mraba wa sentimita nne hivi, na ndani unaona mstari mwembamba wa alumini uliozungushwa mraba ndani ya mraba, basi ni ile ya mawimbi ya redio ya megahezi 8.2. Ndani yake kuna koili na kapasita, basi. Haina betri, haina chipu, haina kumbukumbu yoyote. Geti linarusha mawimbi yanayopanda na kushuka kuzunguka masafa hayo, stika inayameza kidogo, geti linahisi kuna kitu kimemeza, linalia. Keshia anapoiweka bidhaa juu ya pedi yake ya kaunta, nguvu kubwa inapita kwenye koili na kutoboa sehemu iliyofanywa nyembamba makusudi ndani ya kapasita. Stika imekufa, na huna kifaa cha kuiamsha tena. Kwa maktaba maana yake ni kwamba kila kitabu kikiazimwa kinahitaji stika mpya kikirudi. Ndiyo maana amekupa maboksi.

Muuzaji mjanja atakujibu kwamba si lazima kuiua. Mkutubi anaweza kumpitisha mwanafunzi getini mikono mitupu, halafu akampa kitabu upande wa nje kupitia kaunta. Ni kweli, na si mbinu ya kuokoteza. Maktaba nyingi za zamani ziliendeshwa hivyo, na kampuni ya Checkpoint ya Marekani, ambayo leo inajulikana zaidi madukani, ilianzia kwenye vitabu vya maktaba. Lakini fikiria chuo chako wiki ya mitihani. Mwanafunzi ameazima kitabu jana kihalali, leo amerudi nacho begini ili asomee ndani. Akitoka, geti linalia. Kesho linalia tena. Kufikia Ijumaa mlinzi hainui hata kichwa. Geti ambalo walinzi wamelizoea kulia ni pesa iliyotupwa.

Sasa tuje kwenye vinavyofaa. Kwa maktaba kuna njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni utepe wa sumaku, uzi mwembamba wa metali wenye gundi pande zote mbili, unaofichwa kwenye mfereji wa katikati ya kurasa, karibu kabisa na mgongo wa kitabu. Teknolojia hii ina umri. Kampuni ya 3M ya Marekani iliuza utepe wake wa Tattle-Tape kwa maktaba tangu miaka ya 1970, hadi mwaka 2015 ilipoiuza biashara hiyo ya maktaba na ikaunganishwa na kampuni ya Bibliotheca. Uzi wenyewe ni metali inayoitikia sumaku kwa wepesi sana. Geti linatoa uga wa sumaku unaogeuka geuka, uzi unajibu kwa namna yake ambayo chuma cha kawaida hakijibu, geti linaitambua sauti hiyo. Juu ya uzi kumepangwa vipande vidogo vya metali nyingine, ambayo ikitiwa usumaku hubaki nao. Kitabu kikiazimwa, unakipitisha kwenye kifaa cha kaunta kinachotia usumaku vile vipande. Vinaushika ule uzi usiweze kujibu, kitabu kinapita kimya. Kikirudi unaondoa usumaku, uzi unaamka. Unaweza kufanya hivyo kwa maisha yote ya kitabu na utepe usichoke.

Kuubandika kunahitaji mkono mtulivu. Utepe huja na karatasi ndefu za kushikia zinazotokeza juu na chini ya kitabu. Unafungua kitabu hadi kinalala, unausukuma utepe kwa rula nyembamba mpaka uguse kina cha mfereji, unavuta karatasi ya upande mmoja, unafunga kitabu na kukikandamiza, kisha unavuta ya pili. Usibandike vitabu vyote kwenye ukurasa uleule, maana mwanafunzi akiujua kwenye kitabu kimoja ameujua kwenye vyote. Na pangusa vumbi kwanza. Vumbi la Dodoma la mwezi wa tisa mnalijua wenyewe. Gundi haishiki juu yake.

Njia ya pili ni RFID, lebo yenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya megahezi 13.56. Hii si uzi wa kujibu ndiyo au hapana. Ina kumbukumbu. Kwenye chipu kuna namba ya kitabu na alama inayoonyesha kiko ndani au kimeazimwa, na kuna kiwango cha kimataifa cha kuandika data hizo, ISO 28560. Ukitaka kununua, andika namba hiyo kwenye mahitaji yako, la sivyo utafungwa kwa muuzaji mmoja: lebo zake hazitasomwa na mashine ya mwingine, na siku akifunga ofisi utaanza upya.

Wauzaji wengi watakusukuma kwenye RFID kwa jina la ulinzi. Mimi nakwambia kwa ulinzi peke yake ule uzi wa zamani ni mgumu zaidi kushinda. Lebo ya chipu ni kubwa, inabandikwa ndani ya jalada, mwanafunzi anaiona na anaweza kuibandua kwa kucha. Karatasi ya alumini au kubana kitabu mwilini vinaiziba kwa urahisi. Faida yake iko kwingine. Unaweka vitabu vitano juu ya pedi na vyote vinaandikishwa kwa pamoja. Unapita na kisomeo cha mkononi kando ya rafu na mashine inakwambia kipi hakipo na kipi kiko rafu isiyo yake, kazi ambayo leo mnafunga maktaba ili muifanye. Kama orodha yenu ya vitabu iko kwenye kompyuta, kwa mfano kwenye Koha, ile programu huria iliyoanzia New Zealand, RFID inaweza kulipa gharama yake kwa miaka. Kama bado mko kwenye kadi za makabati ya mbao, acheni. Ingizeni vitabu kwenye kompyuta kwanza, na kwa sasa fungeni utepe wa sumaku.

Mkichagua RFID, kuna swali moja muulize muuzaji mbele ya mtu wenu wa TEHAMA: geti linajuaje kitabu kimeazimwa? Linasoma alama iliyo kwenye chipu, au linauliza seva? Mengine hufanya hivi, mengine vile. Linalouliza seva likikosa mtandao halina la kusema, na hapo ama litalia kwa kila mtu ama litanyamaza kwa wote. Kwa umeme na mtandao wetu, chukueni linalosoma chipu, muweke na UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ya geti na kaunta kwa pamoja. Watu huwekea geti peke yake, umeme ukikatika kaunta haiwezi kulaza lebo, geti linaendelea kulia kwa vitabu vilivyoandikwa kwenye daftari.

Lakini dada, kabla ya yote haya, hesabuni vitabu. Nasisitiza kwa sababu nimeona vyuo vikinunua geti kutibu ugonjwa mwingine. Subirini likizo, piteni rafu kwa rafu. Mtakuta vingine havijaibwa, vimefichwa. Mwanafunzi wa sheria anayejua nakala ni moja kwa darasa zima huichomeka kwenye rafu za kilimo ili aikute kesho. Vingine viliazimwa kihalali na havijarudi, na hapo naomba nisiwataje wahadhiri. Vingine vipo lakini sura ya tano imenyofolewa kwa wembe. Geti haligusi hata kimoja kati ya hivyo. Dawa ya kufichwa na kunyofolewa ni kuweka vitabu vinavyogombewa nyuma ya kaunta, visomwe kwa saa chache kwa kitambulisho, na mashine ya fotokopi ya bei nafuu iwe humo humo ndani.

Halafu tazama madirisha. Joto la Oktoba linawafanya mfungue yote, na nondo za madirisha yetu zina nafasi ya kupitisha kitabu cha kurasa mia tatu bila kukwaruza jalada. Rafiki yake anasubiri nje chini ya mwarobaini. Mkifunga geti mlangoni bila wavu madirishani, wizi utahama mita sita tu. Wavu mnene wa chuma kwa nje ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na unaweza kuokoa vitabu vingi kuliko geti.

Kuhusu ufungaji, mambo ya hapa kwetu. Mageti haya yote yanasikiliza ishara dhaifu sana, kwa hiyo yanasumbuliwa na kelele za umeme. Kitu cha kwanza ninachokagua ni athi, ule waya na nondo vinavyopeleka umeme uliopotea ardhini. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo ya athi iliyopimwa Februari ikaonekana safi, Septemba inaweza kuwa ya jina tu. Mwambie fundi achimbe hadi kwenye unyevu, atumie mkaa na chumvi kuzunguka nondo, aache mdomo wa shimo wazi wa kumwagia maji kiangazi, na apime wakati wa ukavu. Geti linalolia lenyewe mchana wa Septemba mara nyingi halina ubovu wowote.

Weka geti mbali na milango ya chuma, mageti ya kukunja, na nyaya zilizozungushwa za kiendelezi cha umeme. Taa za LED za bei ya chini nazo ni wasumbufu. Zima moja moja usikie kelele inapopungua. Mageti ya utepe wa sumaku hukaa karibu karibu, kama sentimita 90 kati ya nguzo na nguzo, kwa hiyo pima kwanza kama kiti mwendo kinapita. Kama hakipiti, fungeni njia mbili au nguzo tatu, msimwambie mwanafunzi mwenye ulemavu azunguke mlango wa nyuma.

Afya watu huiuliza sana. Kwa mtu wa kawaida hakuna cha kuogopa. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo apite mwendo wake wa kawaida, asisimame kati ya nguzo wala asiziegemee. Huo ndio ushauri unaotolewa na mamlaka za afya. Ndiyo maana stuli ya mlinzi isiwe kando ya nguzo. Na kifaa kile cha sumaku cha kaunta kisiwekewe kadi za benki juu yake, mstari mweusi wa nyuma unaweza kufutika.

Karatasi: vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mwombe muuzaji cheti. Kama chuo ni cha serikali mnanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na hapo msiandike tu "mageti ya usalama", maana mtaletewa ya bei ya chini kabisa, ambayo ni hayo ya supamaketi. Andikeni aina, masafa, kifaa cha kulaza na kuamsha, idadi ya lebo, vipuri na mafunzo.

Jambo linalonisumbua zaidi kuliko umeme ni mlinzi. Mlio wa geti hauthibitishi wizi. Unasema tu kwamba lebo iliyo macho imepita. Mara nyingi aliyekosea ni mtu wa kaunta aliyesahau kulaza kitabu. Sasa mlinzi akiruka na kupiga kelele za "mwizi!" nje ya jengo lenye vijana wengi, unajua nchi hii wanaotangulia kufika ni wananchi wenye hasira kali, polisi wanafuata. Mpe sentensi moja aikariri: "Samahani, naomba turudi kaunta, huenda tumesahau kukiandikisha." Aitumie kwa kila mtu, awe mwanafunzi au mkuu wa idara. Begi alifungue mwenyewe mwenye begi, juu ya meza, mbele ya mkutubi. Msichana akaguliwe na mwanamke. Mwizi atakayeshuhudiwa akabidhiwe polisi bila kuchelewa, asifungiwe stoo. Na wekeni daftari dogo pale: saa, sababu ya mlio, nani alikuwa kaunta. Baada ya mwezi mtajua kama shida ni geti, kaunta au wanafunzi.

Sasa mdogo wako. Nina swali moja la kumuuliza: fremu yake ina upana gani, na nguo ananing'iniza wapi? Maduka mengi ya barabara zile yako wazi mbele, nguo zimening'inia mlangoni na kwenye baraza. Geti linataka nguo zenye lebo zikae mbali nalo, mita moja hadi moja na nusu, la sivyo litalia siku nzima. Kwenye fremu ya mita tatu hilo haliwezekani, na nguo zilizo barazani ziko nje ya geti tayari. Kwa fremu ya namna hiyo namshauri asinunue kabisa. Kioo kikubwa kwenye kona ya nyuma, chumba cha kujaribia chenye kanuni ya nguo tatu tu kwa mara moja, na msaidizi wa pili Jumamosi, vitamlinda kwa gharama ndogo.

Kama duka ni kubwa na lina mlango unaoeleweka, basi anunue lebo ngumu za plastiki, zile zenye msumari unaopita kwenye nguo. Ndani ya plastiki kuna kufuli yenye vigololi vidogo vya chuma vinavyoushika msumari, na kinachofungua ni sumaku kali ya kaunta. Lebo hiyo haiuliwi, inavuliwa na kuvishwa nguo nyingine, kwa hiyo anainunua mara moja na kuitumia miaka. Msumari upite kwenye mshono, usitoboe kitambaa cha satini katikati. Sumaku ya kufungulia ifungwe kwa boliti kwenye kaunta, maana ikiibwa hiyo, mlinzi hana kazi tena. Misumari iliyovuliwa iwekwe kwenye kopo, isiachwe sakafuni kwa watoto.

Lebo ngumu zinakuja za masafa mawili, hayo ya megahezi 8.2 na yale ya kilohezi 58. Hizi za pili ndani zina kipande cha metali kinachotetemeka: geti linapiga mapigo mafupi, linanyamaza kusikiliza, na kipande kinaendelea kulia kama kengele iliyogongwa. Zinamudu mlango mpana zaidi, na karatasi ya alumini haizisumbui kama inavyosumbua zile nyingine. Mageti yake ni ghali zaidi. Kwa mlango wa mita moja na kitu, 8.2 inatosha.

Kuhusu nguo kulia maktabani: mkifunga utepe wa sumaku au RFID ya 13.56, na yeye ana 8.2 au 58, hazitasikilizana, kila moja iko kwenye masafa yake. Lakini mkinunua haya ya supamaketi, kila mwanafunzi aliyevaa kiatu kipya ambacho stika yake haikuuliwa sawasawa atawalilia mlangoni, na ataapa hana kitabu, na atakuwa anasema kweli. Siku ya kupokea mfumo, kabla hamjasaini, mwombe mdogo wako alete mfuko wa nguo zenye lebo apite nao getini huku na huku, kisha apite mtu mwenye funguo nyingi, mwenye mwavuli, mwenye laptopu, halafu kitabu kimoja ambacho hakijaandikishwa, kikiwa kimesimama, kimelala, na kiko chini kabisa ya begi. Fundi awepo. Malipo ya mwisho yafuate matokeo ya hapo.